Uyoga wa Nyumbani Dar es Salaam: Kutoka Mfuko wa Kwanza hadi Kuzalisha Mbegu Mwenyewe

Mkulima wa uyoga wa Dar es Salaam kwa kawaida huanza kwa njia moja. Hununua chupa za mbegu, yaani nafaka iliyoenezwa utando wa uyoga, huchemsha majani makavu ya mpunga kwenye pipa, hujaza mifuko kwa tabaka za majani na mbegu, huiweka katika chumba cha giza kwa wiki tatu au nne mpaka utando mweupe uienee, kisha huihamishia chumba cha mwanga na kuvuna uyoga wa mamama (jamii ya Pleurotus, kwa Kiingereza oyster). Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye ameshavuna hivyo na kufanikiwa, na sasa anataka mavuno makubwa kwa kila kilo ya malighafi, mbegu yake mwenyewe, na aina ya uyoga inayolipenda joto la pwani badala ya kulivumilia tu.

Hatua zilizomo humu zimepangwa kinyumenyume, na nashauri zifuatwe hivyo. Uyoga hutoka kwenye mfuko, mfuko hutegemea mbegu ya nafaka, na mbegu ya nafaka hutokana na utando uliokuzwa kwenye agari, jeli inayotengenezwa kwa mwani. Wengi wanaotaka kupanda daraja huvutiwa kwanza na kazi ya maabara, wakanunua visahani na agari ilhali chumba chao cha mwanga bado kinatoa uyoga wenye mashina marefu na kofia ndogo. Mfuko wao ukiota ukungu wa kijani, hawawezi kujua kama tatizo limetoka kwenye agari, kwenye nafaka, kwenye malighafi au chumbani, kwa kuwa vyote ni vigeni kwao. Anayerudi nyuma hatua moja moja huwa daima anaijaribu kazi mpya juu ya kazi anayoimudu, na kosa linapotokea lina mahali pamoja tu pa kutafutwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, katika kila mchemsho, uwe wa nafaka, wa agari au wa mifuko, bakiza chombo kimoja bila kukitia mbegu na ukiweke pamoja na vingine. Kikiharibika, ujue moto au muda haukutosha. Kikibaki safi ilhali vilivyotiwa mbegu vimeharibika, uchafu umeingia wakati wa kupandikiza, yaani kutia mbegu, au umekuja na mbegu yenyewe.

Pima kabla ya kubadilisha chochote

Pima uzito wa malighafi ikiwa kavu, kisha pima uyoga wote unaovunwa kutoka kwenye mfuko huo katika mikupuo yote, yaani kila awamu mfuko unapotoa vichwa. Mfuko wenye kilo 1 ya majani makavu ukitoa jumla ya gramu 800 za uyoga mbichi, ufanisi wake ni asilimia 80. Kwa uyoga wa mamama kwenye majani ya mpunga, kiwango cha kati ya asilimia 60 na 100 kinaridhisha. Aliye chini ya hapo asiharakishe kuongeza virutubisho, kwani mara nyingi upungufu uko chumbani.

Chumba cha mwanga

Uyoga wa mamama unapotoa vichwa huhitaji unyevu wa hewa wa asilimia 85 hadi 95, mwanga hafifu wa mchana, na hewa safi kwa wingi. Wakulima wengi wa nyumbani huogopa kukauka kwa mifuko, wakaziba kila upenyo na kumwagia maji asubuhi na jioni, na hapo ndipo mashina marefu na kofia zisizofunguka hupatikana, kwa sababu utando unapumua na kutoa kabonidioksaidi inayojikusanya chumbani. Weka matundu ya hewa chini karibu na sakafu na mengine juu ya ukuta wa upande wa pili, uyafunike kwa wavu laini wa kuzuia inzi, kisha urudishe unyevu kwa kulowesha mchanga wa sakafuni na magunia yaliyotundikwa ukutani. Maji yasitiwe moja kwa moja juu ya kofia za uyoga, kwani yakikaa hapo bila kukauka huleta madoa ya kahawia yanayosababishwa na bakteria.

Joto ni shauri zito zaidi jijini. Chumba chenye paa la bati lisilo na dari hakifai bila kuwekewa makuti au magunia chini ya bati. Kumbuka pia kwamba mfuko unaoenezwa utando hutoa joto lake wenyewe, kiasi kwamba kitovu chake huweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi kadhaa. Chumba cha giza chenye nyuzi 31 katika mwezi wa Februari kinaweza kuwa na mifuko yenye nyuzi 36 ndani, na hapo utando wa mamama huanza kudhoofika ilhali ukungu wa kijani unastawi. Tumia mifuko myembamba ya kilo 2 au 3 badala ya minene, usiibebanishe, na uache nafasi ya hewa kuizunguka kila upande. Upime joto kwa kuchomeka kipimajoto katikati ya mfuko mmoja wa mfano, kwa kuwa kipimajoto cha ukutani hakitakuambia yaliyomo ndani.

Aina nazo zichaguliwe kwa kufuata pepo. Wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, jiji lina ubaridi wa kutosha kwa mamama wengi. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mbegu za Pleurotus ostreatus za nchi za baridi hushindwa, na Pleurotus pulmonarius au uyoga wa waridi, Pleurotus djamor, hufaa zaidi. Muulize muuzaji wa mbegu jina kamili la aina yake. Jina la mamama peke yake halitoshi kupanga msimu.

Vuna kabla kingo za kofia hazijanyooka na kuanza kujikunja kwenda juu. Uyoga uliopita umri humwaga spora nyingi sana, na mtu anayezivuta kila siku katika chumba kidogo anaweza kupata kikohozi na matatizo ya kifua yasiyoisha. Barakoa ivaliwe kila mara unapoingia kuvuna, na mwenye pumu asiifanye kazi hiyo.

Malighafi yenye nguvu zaidi

Majani ya mpunga yaliyochemshwa kwa nyuzi 60 hadi 80 kwa saa moja au mbili hayajauawa vijidudu vyote. Yamebakiwa na bakteria wengine wasio na madhara, ambao huushikilia uwanja mpaka utando wa uyoga ufike. Ndiyo maana mkulima anaweza kujaza mifuko hiyo nje, barazani, bila maabara. Lakini mara unapoongeza pumba za mahindi au pumba laini za mpunga ili kupandisha mavuno, unaulisha ukungu chakula kile kile unachoulisha uyoga, na mlinzi huyo hatoshi tena. Kanuni ninayoifuata ni kwamba malighafi iliyochemshwa tu isiongezwe pumba zaidi ya asilimia chache za uzito mkavu, na anayetaka kuongeza zaidi aitakase kwa mvuke hadi vijidudu vyote vife.

Mchanganyiko mzuri wa kuanzia ni sehemu 80 za vumbi la mbao, 18 za pumba na 2 za chokaa au jasi, kwa uzito mkavu, ukiongezwa maji mpaka unyevu ufike asilimia 60 hadi 65. Ukikamua konzi kwa nguvu, yatoke matone machache tu. Yakitiririka, anika kwanza. Vumbi la mbao linapatikana kwa maseremala wa Keko na kwingineko jijini, ila lichaguliwe kwa uangalifu. Kataa lililotoka kwenye plaiwudi na mbao za gundi, kataa la mbao zilizotiwa dawa, na uepuke misindano kwa sababu ya utomvu wake. Mninga na mvule husifika kwa kudumu kwa sababu zina kemikali za asili zinazozuia wadudu na kuvu, na sifa hiyo inayompendeza seremala ndiyo inayozifanya zisimfae mkulima wa uyoga. Mwembe unafaa sana. Asiyepata vumbi la uhakika achanganye majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa, magunzi ya mahindi yaliyosagwa, au maganda ya mbegu za pamba.

Mifuko itakayoingia kwenye presha kuka iwe ya polipropilini, kwani polithini ya kawaida, ambayo wengi huiita nailoni, huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 121. Kwenye presha, mfuko wa kilo 2 unahitaji saa mbili na nusu. Kwenye pipa la mvuke usio na presha joto haliwezi kupita nyuzi 100, hivyo hesabu saa zisizopungua 8 tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu, uongeze maji ya moto kila yanapopungua, na uweke pumba zisizozidi asilimia 10. Mifuko hiyo haiwezi tena kutiwa mbegu barazani. Itiwe katika chumba kilichofungwa, kisicho na feni, kilichopigwa deki kwa maji yenye Jik saa moja kabla.

Kwa anayebana matumizi ya gesi na mkaa iko njia ya maji baridi ya chokaa, inayofaa majani yasiyoongezwa virutubisho. Loweka majani kwa saa 12 hadi 18 katika maji yenye chokaa iliyozimwa, takriban gramu 5 kwa lita, mpaka karatasi ya kupimia ioneshe pH ya 12 au zaidi, kisha yachuje kwa saa kadhaa kabla ya kutia mbegu. Chokaa ya kilimo iliyosagwa kutoka kwenye mawe haifiki kiwango hicho. Vaa glavu, kwani maji hayo huunguza ngozi.

Mbegu ya nafaka

Hapa ndipo mkulima anapoacha kumtegemea muuzaji, na ndipo uvumilivu hupimwa. Nafaka bora kwa jiji letu ni mtama au uwele, kwa sababu punje zake ni ndogo na kila punje inakuwa kituo kipya cha kuenea utando. Ngano nayo inafaa.

Osha nafaka mpaka maji yawe safi, kisha iloweke kwa saa 12 hadi 24. Kuloweka huku kuna faida mbili. Punje hunyonya maji sawasawa, na spora za bakteria wa aina ya Bacillus, ambazo zikiwa kavu hustahimili joto kali, huanza kuamka na hivyo kufa kwa urahisi zaidi zinapochemshwa. Mwaga maji hayo, chemsha nafaka kwa moto wa wastani kwa dakika 15 hadi 20, na uijaribu kwa kucha: punje ilainike hadi katikati bila kupasuka. Iliyopasuka humwaga wanga nje, na wanga huo hugandisha punje na kulisha bakteria. Itandaze juu ya wavu au ungo mpaka ngozi ya punje ikauke kabisa, ilhali ndani imebaki na maji yake. Ukibana punje kwenye karatasi nyeupe na karatasi ikalowa, subiri zaidi. Hatua hii ya kukausha ndiyo inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo chanzo cha chupa nyingi zenye punje zinazong'aa kwa ute na kunuka uchachu.

Changanya jasi kiasi cha asilimia 1 ili punje zisishikane, jaza chupa za mdomo mpana hadi theluthi mbili, toboa kifuniko tundu dogo na ulizibe kwa pamba iliyoshindiliwa, kisha funika kwa foili ili mvuke usiiloweshe pamba. Panga chupa ndani ya presha kuka juu ya kigoda cha chuma ili zisiguse kitako. Acha mvuke utoke kwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kuweka uzito wa kifuniko, kwa sababu hewa iliyobaki ndani hufanya presha isome vizuri ilhali joto halijafika. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, hivyo presha ya pauni 15 kwa inchi ya mraba hufikisha nyuzi 121 bila kuhitaji masahihisho yanayohitajika nyanda za juu. Chupa za nusu lita hadi lita moja zikae dakika 90 tangu presha ifike hapo. Presha kuka nyingi za nyumbani hazifiki pauni 15. Soma maelezo ya yako, na ikiwa ni ya pauni 10 hadi 12, ongeza muda hadi saa mbili na nusu. Iache ipoe yenyewe bila kuimwagia maji.

Asiye na presha kuka anaweza kuchemsha kwa mvuke wa kawaida kwa saa moja, siku tatu mfululizo, akiziacha chupa zikae kwenye joto la chumba kati ya siku na siku. Spora zilizookoka siku ya kwanza huamka usiku, zikafa siku ya pili au ya tatu. Njia hii ilibuniwa na mwanasayansi John Tyndall katika karne ya 19, na inafanya kazi kwa nafaka kwa sababu ina unyevu wa kuziamsha spora hizo.

Kupandikiza kufanyike ndani ya sanduku la hewa tulivu: sanduku kubwa la plastiki angavu, limegeuzwa kifudifudi, limetobolewa matundu mawili ya mikono. Lipanguse kwa spiriti ya asilimia 70, subiri mvuke wake uishe kabisa, kisha ndipo uwashe kibatari cha kuunguzia vifaa, na kikae nje ya sanduku. Spiriti na moto ndani ya sanduku lililofungwa ni hatari ya kuungua mikono na uso. Chupa moja ya mbegu safi inaweza kutia chupa kumi mpya. Hata hivyo, usirudie kuzidisha nafaka kwa nafaka zaidi ya mara mbili au tatu, kwani kila kizazi kinaudhoofisha utando na kusambaza uchafu uliojificha.

Weka chupa gizani kwa nyuzi 24 hadi 28. Utando ukifika karibu theluthi moja, tikisa chupa ili punje zenye utando zisambae. Kwa mamama, chupa hukamilika kwa kawaida ndani ya wiki mbili hivi. Mbegu nzuri hunukia uyoga mbichi. Kijani ni ukungu uitwao trikoderma, na rangi ya chungwa inayokua kwa kasi na kutokeza kwenye pamba ni ukungu uitwao neurospora, ambayo katika joto la pwani huweza kuenea chumba kizima kwa siku chache. Chupa ya namna hiyo isifunguliwe kamwe ndani ya nyumba. Ifunge kwenye mfuko, uichemshe kwenye presha, ndipo uitupe. Mbegu iliyo salama itiwe kwenye mifuko kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa malighafi mbichi, na wakati wa kaskazi tumia asilimia 10.

Agari na utando mama

Chemsha gramu 200 za viazi mviringo vilivyokatwa kwa dakika 20, chuja, ongeza maji yafike lita moja, tia gramu 10 hadi 20 za glukosi ya duka la dawa na gramu 15 hadi 20 za unga wa agari, ambao huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki. Mwani unaolimwa kwa wingi Zanzibar hauwezi kuchukua nafasi yake, kwa kuwa aina zinazolimwa kule hutoa karajini, ambayo si agari. Takasa kwa dakika 20 kwenye nyuzi 121, na umimine kwenye visahani agari inapofika karibu nyuzi 50, ili mvuke usigande chini ya vifuniko.

Chukua uyoga mchanga wenye afya kuliko wote katika mkupuo, uliotoka kwenye mfuko uliotoa mavuno mazuri kwenye daftari lako. Usioshe. Ndani ya sanduku upasue kwa mikono, usiukate kwa kisu, ili kisu kisisukume uchafu wa nje kuelekea ndani. Kwa wembe uliounguzwa na kupozwa, nyofoa kipande kidogo kama punje ya mchele kutoka pale shina linapokutana na kofia, na ukiweke katikati ya kisahani. Utando ukianza kutambaa, kata ukingo wake ulio mbali na doa lolote na uuhamishie kisahani kipya. Rudia mpaka upate kisahani kisicho na doa. Uyoga wa porini usioujua usipandwe kwa njia hii, hata ukifanana vipi na unaoliwa.

Utando mama uwekwe kwenye chupa ndogo zenye agari iliyogandishwa kwa mshazari, na uhifadhiwe kwenye friji kwenye nyuzi 4 hivi. Uyoga wa waridi na uyoga wa majani ya mpunga, Volvariella volvacea, hufa au hudhoofika kwa baridi hiyo. Aina hizo zikae mahali penye ubaridi wa nyuzi 15 au zaidi na zihuishwe mara kwa mara.

Uyoga wa maziwa kwa msimu wa kaskazi

Anayemudu nafaka safi na mifuko safi anastahili kujaribu uyoga wa maziwa, Calocybe indica, asili yake India, ambao wanasayansi waliupa jina hilo mwaka 1974. Hutoa vichwa vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 35, yaani katika miezi ile ambayo mamama humvunja mtu moyo. Utando wake huenea polepole kuliko wa mamama, kwa hiyo malighafi yake isiwe na dosari.

Tofauti yake kubwa ni udongo wa kufunika. Mfuko ukishaenea kabisa, ufungue juu na utandaze tabaka la sentimita 2 hadi 3 la udongo uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi, ulioongezwa chokaa mpaka pH ikaribie 8, na uliochemshwa kwa mvuke kwa saa moja kisha ukapoa. Nyunyizia kidogo kidogo, tabaka lisikauke wala lisituamishe maji, na uupe chumba mwanga na hewa. Vichwa hutokeza baada ya siku 10 hivi. Vuna kwa kuzungusha shina, fukia shimo lililobaki kwa udongo ule ule, na uendelee kunyunyizia kwa ajili ya mkupuo unaofuata. Uyoga huu haunyauki upesi kama mamama, na kwenye friji hudumu siku kadhaa zaidi, jambo linalompa mkulima wa Mbagala au Tegeta nafasi ya kukusanya mavuno ya siku mbili tatu kabla ya kuyapeleka kwa wateja.